Si Kila Kipara ni Mtawa: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Kibudha

Mteja akiingia hapa dukani, Mwanga, mjini Kigoma, akaniambia anatafuta muvi za Wabudha, najua anachotaka kusema kabla hajamaliza: "Zile za Shaolin, kaka." Wanasema hivyo vijana wa bodaboda, wanasema wanafunzi wa chuo waliopewa kazi ya darasani kuhusu dini za Asia, na juzi kanitamkia mwalimu wa sekondari ambaye kesho yake alikuwa anaingia darasani kufundisha mada hiyo hiyo. Huyo mwalimu ndiye aliyenikalisha chini niandike.

Dhana: Muvi za Shaolin ndizo filamu za Kibudha

Dhana hii haikuzuka hewani. Hekalu la Shaolin lipo kweli, mkoa wa Henan nchini China, chini ya mlima Song. Lilianzishwa mwaka 495, na watawa wake ni Wabudha wa Chan, madhehebu ambayo Wajapani wanayaita Zen. Mapigano nayo wanajulikana nayo kwa karne nyingi. Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Kosa linaingia pale mtu anapochukua joho la njano, kichwa kilichonyolewa na mateke ya hewani, akadhani ameuona Ubudha.

Chukua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, ambayo nusu ya wateja wangu wanaijua kwa sura hata kama jina hawalijui. Kijana ana kisasi na Wamanchu waliokuwa wakiitawala China, anakimbilia hekaluni ili apate ujuzi wa kwenda kulipiza. Anaambiwa kuna vyumba 35 vya mafunzo, aanze na anachotaka. Kwa haraka zake anachagua cha juu kabisa. Anaingia, anakuta watawa wazee wameketi wanasoma maandiko. Hakuna gunia la mchanga mle, hakuna fimbo. Haelewi neno, na kabla hajakaa sawasawa anajikuta ametupwa nje. Basi anashushwa mpaka chumba cha mwisho akaanze upya, na sisi watazamaji tunashuka naye kwenye ndoo za maji, magogo na vichwa kugongwa.

Tafadhali irudie sehemu hiyo. Filamu yenyewe imekuonyesha Ubudha uko chumba gani, na hapo hapo ikakutoa humo. Ni dakika chache katika filamu ya karibu saa mbili. Kinachofuata ni mazoezi ya kisasi, na kisasi hicho kinafanikiwa, na tunapiga makofi. Mimi nayo naipenda sana, na mtu akitaka ngumi namkabidhi hiyo kwanza. Ila sila, yaani kanuni ya mwenendo, ya kwanza kati ya zile tano ambazo hata Mbudha wa kawaida, asiye mtawa, anajifunga nazo ni kutoua kiumbe. Filamu ambayo utamu wake wote uko kwenye kuua adui haiwezi kuwa somo la dini hiyo kwa sababu tu imepigwa uani kwa hekalu. Na hata ikipigwa ndani ya hekalu lenyewe ni vilevile: Shaolin Temple ya 1982, iliyompa jina Jet Li, ilipigwa Shaolin kwenyewe. Ukuta wa hekalu ni halisi, hadithi ni ya kisasi.

Kipimo changu, na nakiomba ukitumie kabla hujamaliza bando lako: tazama hasira ya mhusika inafanya kazi gani. Kwenye muvi za ngumi hasira ndiyo mafuta, ikiisha na gari linasimama. Kwenye filamu yenye Ubudha ndani yake, hasira, tamaa na kung'ang'ania ndiyo ugonjwa wenyewe unaochunguzwa, na hadithi inamfuata mtu mpaka auone.

Kwa hiyo yule mwalimu nilimpa The Burmese Harp, ya Kon Ichikawa, 1956, Japani, picha nyeusi na nyeupe. Alikunja uso. Nikamwambia atazame nusu saa ya kwanza, na kama haimshiki airudishe bila kulipa.

Vita vya pili vimekwisha, Wajapani wameshindwa huko Burma, ambayo leo ni Myanmar. Askari mmoja, Mizushima, mpiga kinubi wa kikosi chake, anatumwa akawashawishi wenzao waliojichimbia mlimani wajisalimishe. Wanakataa, wanapigwa mizinga, anabaki hai yeye. Mtawa anamuuguza. Naye anamlipa kwa kumwibia joho wakati yule mtawa anaoga, ananyoa kichwa, anashika njia akijifanya mtawa ili wenyeji wampe chakula na apite salama kurudi kwa kikosi chake. Mpaka hapo joho ni vazi la kujificha tu, sawasawa na kwenye muvi za Shaolin. Lakini njiani anakutana na maiti za askari wenzake, mtoni, porini, zimelala bila kaburi, na ndege wameshazifikia. Anawapita wa kwanza. Kisha hawezi kuwapita tena. Anaanza kuzika kwa mikono. Kikosi chake kinasubiri meli ya kurudi nyumbani, wamemfundisha kasuku kusema, "Mizushima, turudi wote Japani," wanampelekea. Yeye anabaki kuzika. Joho aliloiba limekuwa lake kwelikweli, na hakuna mahali filamu inasimama kukuhubiria ni lini hasa limekuwa lake.

Hakuna teke hata moja humo. Na huku kwetu hadithi hiyo ina wenyewe: wazee wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika) kutoka Tanganyika walipelekwa Burma mwaka 1944, upande wa Mwingereza, kupigana na hao hao Wajapani. Kuna nyumba hapa Kigoma na kule Tabora ambako babu alitaja Burma mpaka anakufa, na wajukuu hawajui ni nchi gani. Nikiweka filamu hii jioni nyuma ya duka, watu wazima hawaulizi ngumi ziko wapi.

Kwa asiyekubali kabisa kuachana na mapanga, iko njia ya haki: A Touch of Zen ya King Hu, 1971, ya saa tatu. Pambano la kwanza linachelewa karibu saa nzima, na wengi huniambia imeharibika. Haijaharibika. Vumilia mpaka mwisho, umwone mtawa mkuu akichomwa kisu, damu inayotoka ni ya dhahabu, ameketi juu ya mwamba na jua limemzunguka kichwa. Pale mapigano yenyewe ndiyo yanayowekwa kwenye mizani.

Dhana: Jina likiwa na "Samsara" au "Budha", umeshapata

Hii inakula bando la watu bure. Filamu zenye jina Samsara, yaani mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena, ziko kadhaa, na hazifanani hata kidogo.

Ile ya 2001 ni ya Pan Nalin, imepigwa Ladakh, milimani kaskazini mwa India. Mtawa kijana anatolewa pangoni baada ya kutafakari peke yake miaka mitatu, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Anarudi, anaanza kutamani wanawake, anaacha utawa, anaoa. Ina faragha za kitandani, kwa hiyo usiifungue sebuleni watoto wakiwepo. Ile ya 2011 ni ya Ron Fricke, haina msimulizi wala hadithi, ni picha kutoka nchi 25, na humo watawa wanachora mandala, mchoro mtakatifu wa duara, kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje, halafu wanaifuta wenyewe.

Halafu kuna ya 2023, ya Mhispania Lois Patiño, na hii nashangaa kwa nini Waswahili hatuizungumzi. Inaanzia Laos. Bibi mzee anakaribia kufa, kijana anakwenda kumsomea kitabu cha Watibeti kinachoongoza roho baada ya kifo. Bibi anapokata roho, maandishi kwenye skrini yanakuomba ufumbe macho. Unafumba, na kwa takriban robo saa unabaki na sauti, na mwanga unaobadilika rangi nyuma ya kope zako. Ukifumbua uko Zanzibar, ufukweni, kwa kina mama wanaolima mwani, na bibi amezaliwa upya akiwa kitoto cha mbuzi mikononi mwa msichana mdogo. Wanaongea Kiswahili chetu. Mtazamaji wa Kigoma anakipata kile ambacho mtazamaji wa Berlin, ilikooneshwa na kupata tuzo, alikisoma kwa manukuu. Ukiipata, izime taa zote na fumba macho kweli; anayechungulia anajinyima filamu.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo ni Buddha Collapsed Out of Shame ya 2007, ya Hana Makhmalbaf. Jina linamtaja Budha, lakini hadithi ni ya binti mdogo wa Bamiyan, Afghanistan, anayetaka kwenda shule. Budha wa kwenye jina ni zile sanamu kubwa zilizolipuliwa Machi 2001. Filamu nzuri sana, itazame, ila usiiandikie kazi ya chuo kuhusu Ubudha.

Dhana: Ni watu wamekaa kimya tu, hakuna kinachotokea

Nawapa The Cup ya mwaka 1999, na hoja inaishia hapo. Mwongozaji wake, Khyentse Norbu wa Bhutan, ni lama mwenyewe, yaani mwalimu wa Ubudha wa Kitibeti, siyo mtu wa Hollywood aliyevutiwa na mishumaa. Watawa wadogo wa Kitibeti walioko ukimbizini India wamepagawa na Kombe la Dunia la 1998, wanatoroka usiku kutazama mechi. Kisha wanapiga hesabu ya kukodi televisheni na dishi ili fainali ya Ufaransa na Brazil waione monasterini. Kila aliyewahi kuchanga hela ya banda umiza anaijua hali hiyo. Pesa hazitoshi, na saa ya mtoto mmoja mgeni, aliyopewa na mama yake, inawekwa rehani. Mechi inaanza. Yule aliyeupigania mpango mzima, Orgyen, anamwona mwenzake ana huzuni ya saa yake, na mpira unamshinda kuutazama. Anainuka, anakwenda kutafuta vitu vyake vya kuikomboa. Watazamaji wangu wengi wanamlaumu kwa kuacha fainali. Ubudha wa filamu nzima uko pale anapoinuka.

Nyingine, kwa ufupi

Budha siyo yule mnene mwenye kitambi anayecheka kwenye maduka ya Wachina. Yule ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10. Ukimwona kwenye kava la filamu, hujaambiwa chochote kuhusu yaliyomo.

Filamu za Kihindi zenye kengele, maua na sanamu ni za Kihindu, karibu zote. Budha alizaliwa Lumbini, leo ni Nepal, na mahubiri yake aliyatoa India, lakini kwa sensa ya India ya 2011 Wabudha hawakufika hata asilimia moja.

Kundun ya Scorsese, 1997, haikupigwa Tibet. Milima ile ni ya Morocco. Seven Years in Tibet, ya mwaka huo huo, ilipigwa zaidi Argentina. China isingewaruhusu. Kundun bado inastahili muda wako, hasa ukitaka kuelewa Dalai Lama wa 14, kiongozi wa dini wa Watibeti, alivyotambuliwa akiwa mtoto mdogo. Ile nyingine ni hadithi ya Mzungu mpanda milima.

Kuhusu hofu kwamba ukitazama utabadili dini: hiyo naiheshimu, hasa ikitoka kwa wazee wangu wa Ujiji. Kwao natoa Doing Time, Doing Vipassana, dokumentari ya 1997 ya chini ya saa moja. Wafungwa wa gereza la Tihar, Delhi, wa dini mbalimbali, wanakaa siku kumi kimya wakijifunza kuangalia pumzi na hasira zao. Hakuna anayebatizwa wala kusilimishwa humo. Wanaume wazima wanalia wakikumbatiana na askari magereza.

Unavyotakiwa kutafuta

Acha kuandika "Buddhist movies" kwenye simu. Utaletewa ngumi, na vile vipande vya dakika mbili vyenye muziki wa filimbi na maneno ambayo Budha hakuyasema. Tafuta jina la mwongozaji pamoja na mwaka. Pitia orodha za zamani za International Buddhist Film Festival, lililoanza 2003 Los Angeles. Pale kazi ya kuchuja imeshafanywa na wanaojua. Filamu za Korea za zamani ziko bure kwenye chaneli ya YouTube ya hifadhi ya filamu ya nchi hiyo, na manukuu ya Kiingereza. Anza kwa kumtafuta Im Kwon-taek, hasa Mandala ya 1981, watawa wawili njiani, mmoja mlevi, mwingine mfuata sheria.

Na usisubiri itafsiriwe. Hizi hazina soko la watafsiri wetu wa muvi, na sauti ya mtu juu yake ingeua kimya ambacho ndicho nusu ya kazi. Kama Kiingereza cha manukuu kinakukimbia, tazama na mwenzako mmoja anayekisoma, mkiisimamisha mnapokwama. Mpangilio ninaowapa wageni ni The Cup kwanza, The Burmese Harp pili, kisha Spring, Summer, Fall, Winter... and Spring ya Kim Ki-duk, 2003, hekalu linaloelea ziwani. Hiyo ya tatu ina ukatili kwa wanyama na mambo ya kikubwa, watoto wakalale kwanza. Mtoto wa hekaluni anafunga mawe kwa uzi kwenye samaki, chura na nyoka, akicheka. Akiamka asubuhi anakuta mzee amemfunga jiwe mgongoni, na anaambiwa akawafungue wote watatu kabla hajafunguliwa yeye; mmoja akiwa amekufa, jiwe hilo atalibeba moyoni maisha yake yote. Wakifika hapo huwa nasimamisha, nawauliza wanadhani ni wangapi atawakuta hai, ndipo naiachia iendelee.