Kocha kasema mtoto ana kipaji, nisaini au nisisaini?

Wiki ilopita mama mmoja wa Kitanzania wa huku Houston kanitumia voisi ya dakika nne WhatsApp. Binti yake ana miaka mitano na nusu, alimpeleka jimu ya jimnastiki akachoshe tu nguvu za jioni maana nyumbani alikuwa anaruka kutoka kwenye sofa, sasa kocha kasema mtoto ana kipaji, wanamtaka kwenye timu ya mashindano, siku tatu kwa wiki, masaa matatu matatu, na fomu irudi Ijumaa. "Dada, nisaini?"

Mi nafundisha jimnastiki ya watoto huku Texas mwaka wa kumi na moja sasa (bibi yangu kule Tanga bado anawaambia watu nafundisha sarakasi, nimeshaacha kumrekebisha). Na ntakwambia ukweli, kwa mtoto wa miaka mitano hamna anayejua habari ya kipaji. Tunachokiona ni mwili mwepesi, magoti yanayonyooka na mtoto asiye na woga, basi. Simone Biles, yule bingwa wa Marekani, aligusa mchezo huu mara ya kwanza akiwa na miaka 6, kituo cha kulelea watoto kiliwapeleka matembezi, na dhahabu ya Olimpiki ya Paris 2024, ile ya jumla ya vifaa vyote, kaichukua na miaka 27. Kwahiyo Ijumaa ikipita haijaharibika kitu.

Tuje kwenye masaa. Madaktari wa michezo huku wana kipimo kimoja rahisi sana, masaa ya mazoezi kwa wiki yasizidi umri wa mtoto. Siku tatu mara saa tatu ni tisa. Mtoto ana mitano na nusu. Hesabu ni yako.

Alafu kuna njia mbili na wazazi wetu wengi wanajua moja. USA Gymnastics, chama cha jimnastiki cha Marekani, kina ngazi za 1 mpaka 10, na kwa wasichana kuanzia 1 mpaka 5 nchi nzima wanafanya kitu kilekile, hatua zilezile, muziki uleule, unakaa ukumbini unasikia wimbo mmoja mpaka unauota usiku, ndo kuanzia ya 6 mtoto anatungiwa wa kwake. Njia ya pili ni Xcel, inaanza Bronze, Silver, Gold na kuendelea, ambayo ina uhuru zaidi na mara nyingi masaa na gharama zake ni pungufu. Mzazi wa Kiswahili akisikia Xcel anaichukulia kama shule ya kata, kwamba hapo ni pa waliofeli. Sio hivyo kabisa. Ngazi ya 4 kuna kitu kinaitwa kipu, mtoto ananing'inia kwenye chuma, anabembea, analeta miguu karibu na chuma alafu anajitupa mpaka kiuno kinakaa juu, na nshaona watoto wanahangaika na kipu mwaka mzima, malengelenge yamepasuka viganjani, chaki inaingia kwenye kidonda. Anayependa mchezo lakini kipu imemkataa, Bronze au Silver ataendelea kushindana wakati anaitafuta taratibu.

Sasa jimu yenyewe. Achana na makombe ya pale mapokezi. Omba ukae uangalie mazoezi mwanzo mwisho, alafu rudi siku nyingine bila taarifa. Usimwangalie yule nyota wao, mwangalie mtoto wa mwisho kwenye foleni. Angalia wakipiga msamba, kuna kocha anayemsubiri mtoto ashuke mwenyewe, na kuna anayekuja kumkandamiza mabega huku mtoto machozi yanamtoka. Angalia akianguka kwenye boriti, ule mti mwembamba wanaotembea juu yake, maana ataanguka tu, upana wake sentimita 10 na kwa mashindano ya wakubwa iko mita 1.25 juu. Na kikubwa kuliko vyote, sikiliza mtoto akisema "inauma" anajibiwa nini.

Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini, jimu nyingine kabisa, binti wa miaka tisa aliniambia kiganja kinamuuma karibu na kifundo, nikampa barafu nikamwambia amalizie zamu zake, mashindano yalikuwa Jumamosi. Wiki tatu baadaye daktari kasema ni ile sehemu mfupa unapokulia, imeumia, asiweke uzito mikononi miezi miwili. Mama yake hakunigombeza hata. Alisema tu "si nyinyi ndo wataalamu."

Hapo ndo tatizo letu, tumelelewa mwalimu habishiwi. Larry Nassar, yule daktari wa timu ya taifa aliyehukumiwa Michigan Januari 2018 miaka 40 mpaka 175, baadhi ya watoto aliwadhalilisha mzazi akiwa chumbani humohumo. Siku hizi mtu mzima haruhusiwi kukaa na mtoto peke yao mahali watu hawawaoni, na jina la kocha unaweza kulitafuta bure kwenye orodha ya waliofungiwa ya U.S. Center for SafeSport, kituo kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni. Kutafuta sio kumtukana kocha, yani hata langu litafute.

Pesa sitaki kurefusha, we dai hesabu ya mwaka mzima kwa maandishi, ada ya mwezi, mashindano, leotadi ya vimeta (ile nguo ya kubana ya kushindania), safari za makocha, na ukitaka kutoka wanataka taarifa siku ngapi.

Yule mama alikwenda Jumatano. Saa mbili usiku kaniandikia kwamba hamna hata kiti cha mzazi, kioo wameziba kwa mabango, kaambiwa kuangalia ni mara moja kwa mwezi. Nikamjibu aiache Ijumaa ipite.