Je, wajua? Nadhiri za Warumi zilikuwa na masharti kama mkataba

Tunajuaje Warumi wa kale walivyoabudu, ilhali hawakuwa na kitabu kitakatifu?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, nalo lilikuwa kosa. Nilidhani dini yao ni zile hadithi za Jupiter, mungu wao mkuu, na vimada wake, basi nikamsoma mshairi Ovid nikaona nimemaliza. Lakini Ovid alitunga kuwaburudisha wasomaji wake, na nyingi ya hadithi hizo asili yake ni Ugiriki. Kutafuta kwake jinsi Mrumi alivyosimama mbele ya madhabahu ni kama kujifunza sala za watu wa pwani kupitia visa vya Abunuwasi. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilikuwa nauliza Warumi waliamini nini. Hawakuwa na shahada ya imani ya kutamka. Kilichoangaliwa ni kama tendo limefanywa sawasawa.

Kwa hiyo ushahidi mzuri haumo katika hadithi. Umo katika kalenda za sikukuu, kumbukumbu za makuhani, na hasa mawe. Maelfu ya madhabahu ya mawe, kuanzia Uingereza hadi ukingo wa mto Rhine na kwingineko, yanaishia na herufi nne: VSLM. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba fulani ameondoa nadhiri yake, kwa hiari, kama ilivyostahili.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana nadhiri ni nini. Mtu anasema: mwanangu akipona, nitachinja mbuzi. Mpaka hapo hajatoa kitu. Mtoto akipona, ana deni, asipopona, hadaiwi. Jiwe la VSLM basi ni kama risiti iliyobandikwa ukutani ili kila apitaye aone kuwa deni limelipwa.

Na kama deni lolote, maneno yalipimwa. Mwaka 217 KK, baada ya Hannibal, jemadari wa Karthago, kuliangamiza jeshi la Roma kando ya ziwa Trasimene, Warumi waliweka nadhiri kubwa: dola ikisalimika kwa miaka mitano, watamtolea Jupiter nguruwe, kondoo, mbuzi na ng'ombe wote watakaozaliwa katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja. Kuhani mkuu alionya kwamba jambo hilo halifai bila idhini ya wananchi, kwa hiyo wakaulizwa kwanza. Mwanahistoria wa Kirumi Livy ameyanukuu maneno yenyewe, na ukiyasoma utadhani yameandikwa na wakili. Mnyama akifa kabla ya kutolewa, hakuna hatia. Akiibwa, hakuna hatia kwa aliyeibiwa. Akichinjwa siku ya mkosi bila kujua, imehesabiwa sawa. Usiku au mchana, mtumwa au muungwana, ni sawa.

Deni lilikuja kulipwa mwaka 195 KK. Mwaka uliofuata makuhani wakasema halikulipwa ipasavyo, ikabidi lirudiwe. Hayo pamoja na vifungu vyote vile vya kujikinga! (Livy aliandika karibu miaka 200 baadaye, kwa hiyo si lazima kila neno liwe limetoka kwenye kumbukumbu za siku ile.)

Mawe nayo yana upofu wao, na Warumi wenyewe waliujua. Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, anasimulia kisa cha Diagoras, Mgiriki asiyeamini miungu, aliyefika kisiwa cha Samothrace. Rafiki yake akamwonyesha picha za watu walioweka nadhiri baharini wakaokoka na dhoruba: huoni kwamba miungu inajali? Diagoras akajibu kuwa ndivyo, kwa sababu waliozama hawajachorwa popote. Katika maandishi ya Cicero, anayekisimulia kisa hicho ni Cotta, na Cotta alikuwa kuhani.