Neno "sincere" halikutoka kwenye nta

Ujumbe huu mmeupokea, hasa kwenye magrupu ya ibada: eti wachongaji wa Roma ya kale walificha nyufa za sanamu kwa nta, na wale waaminifu wakatangaza kazi zao "sine cera", yaani bila nta. Ndipo Waingereza wakapata neno "sincere", mtu wa kweli, asiye na unafiki.

Si kweli. Kinachotuchanganya ni kwamba vipande vyake ni vya kweli: kwa Kilatini "sine" ni bila, na "cera" ni nta. Ila Warumi walikuwa tayari na neno kamili, "sincerus", lenye maana ya safi, kisichochanganywa na kitu. Asili yake, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni mizizi ya "moja" na "kukua".

Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza inayoeleza asili ya maneno, utaona. Au linganisha Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611, kwenye 1 Petro 2:2, inasema "sincere milk". Maziwa hayana unafiki! Zamani sifa hiyo ilipewa hata vitu, kwa maana ya halisi. Biblia yetu ya Kiswahili imelipatia vizuri sana: maziwa "yasiyoghoshiwa".

Somo la uaminifu linabaki zuri bila kisa hicho. Ukiletewa tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.