Kabla ya sabufa, fungua mlango wa gari

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Chumbageni alinijia hapa Ngamiani, Tanga, na Toyota IST yake. Siti za nyuma kazilaza, na juu yake kuna boksi la sabufa ya inchi 12 ambalo lingewekewa miguu lingekuwa meza.

"Shikamoo kaka. Nifungie mzigo huu, jioni nina harusi Pongwe."

"Marahaba. Kwanza washa redio iliyomo nisikie."

Akawasha. Spika ya mlango wa dereva ilikuwa inakwaruza kama kijiko kwenye ukoko wa sufuria. Ya kushoto kimya kabisa. Nikamwambia sabufa ishuke, leo tunafungua milango.

Kazi inayonilisha mimi ni kutengeneza redio na TV za majumbani. Kufunga muziki kwenye magari ni ugonjwa wangu wa mwisho wa wiki, na karibu kila anayeugua ugonjwa huu huanzia pale alipoanzia yule kijana: ananunua kinachotikisa vioo, halafu anagundua sauti ya mwimbaji imezama chini ya mtikisiko.

Tuanze na redio. Magari yetu mengi yametoka Japani, na FM ya kule huanzia MHz 76, kwa miaka mingi ikaishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana redio iliyokuja na gari hunasa stesheni mbili tatu tu, za mwanzo mwanzo. Kuna kidude kinachochomekwa kati ya antena na redio ili kuyashusha masafa. Kinafanya kazi, ila redio yenye nafasi ya MHz 14 huwezi kuijaza MHz 20 na ushei, lazima kuna stesheni zitakazobaki nje, na namba unazoziona kwenye kioo zinakuwa za uongo. Mimi kidude hicho nilishakiacha. Weka akiba, nunua redio inayosoma mpaka 108.

Ukienda kununua, angalia nyuma ya redio kabla ya mbele. Matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya (kikuza sauti cha nje), yakiwa jozi mbili au tatu, kesho utaweza kuongeza amplifaya bila kubadilisha redio. Redio za Android zenye skrini kubwa zinapendeza, lakini nyingi za bei nafuu nilizozifungua zina FM dhaifu, na kwa msikilizaji wa redio wa Tanga huo ni msiba. Jambo jingine: tundu la redio kwenye Toyota za Japani lina upana wa milimita 200, na redio nyingi za dukani zina 178. Hilo pengo pembeni usilizibe kwa sponji. Vipo vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nunua pia soketi ya kuunganishia, usikate waya za gari. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu unaamka na ufunguo. Ukizifunga kinyume, redio itasahau stesheni zako kila ukizima gari. Ukizifunga zote kwenye umeme wa kudumu, asubuhi utaomba watu wakusukume.

Sasa watt. Boksi limeandikwa "50W x 4" na muuzaji anaapa. Chukua kalamu. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika ya kawaida ina upinzani wa ohm 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, unapata karibu 52. Hiyo ndiyo "50W" yao, na ili uipate inabidi redio isukumwe mpaka mawimbi yakatike vichwa, yaani mpaka ikoroge. Kwa wimbi safi unagawa tena kwa mbili: 26. Toa kinachopotea kwa joto, unabaki na 18 hivi, labda 20. Hakuna redio inayoendeshwa na volti hizo tupu, bila kifaa cha kuzipandisha ndani yake, inayoweza kuikwepa hesabu hii, hata iwe na taa za rangi saba. Kwa hiyo soma neno RMS, yaani watt halisi za kudumu, mengine ni mapambo. Na ukiongeza watt maradufu, sikio linaongezewa desibeli 3 tu, kitu ambacho mtu asiyetega sikio anaweza asikitambue. Ili aseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji watt mara kumi hivi.

Kwa gari la familia mimi hupendekeza amplifaya moja ya chaneli nne, yaani njia nne za kutolea sauti. Mbili zinasukuma milango ya mbele, mbili zinazobaki unaziunganisha kuwa moja kwa ajili ya sabufa. Zikiunganishwa hivyo, amplifaya nyingi hazitaki mzigo wa chini ya ohm 4, na hapo ndipo wengi wanapoziunguza.

Waya nao una hila zake. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ndani pakiwa peupe, umeuziwa alumini, na upinzani wake ni karibu mara 1.6 ya shaba halisi. Kwenye mji wa bahari kama huu ncha zake zinaoza upesi zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Hili nililijua kwa moshi. Mwaka wangu wa pili wa mchezo huu niliweka fyuzi chini ya siti, karibu na amplifaya, na waya nikaupitisha kwenye tundu la bati la injini bila mpira. Safari za Pangani, enzi za vumbi na makorongo, zikaupa bati muda wa kuutafuna. Siku waya ulipogusa bodi, hakukuwa na chochote cha kuukata umeme kati ya pale na betri. Fyuzi ya kwenye betri kazi yake ni kuulinda waya, amplifaya ina ya kwake. Tulizima kwa mchanga wa barabarani, mke wangu akashuka akapanda daladala.

Waya wa hasi, ule ambao mafundi tunauita ethi, ndio unaowashinda watu wa pwani. Kwangua rangi ya bodi pale unapoufunga mpaka bati ling'ae, kaza kwa nati, halafu paka grisi juu, maana chumvi ya hewa ya Raskazone haimwonei mtu haya. Uwe mfupi, nusu mita inatosha. Kisha pima: muziki ukiwa juu, weka mita kati ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, rudi ukakwangue. Ule mlio wa mbu unaopanda ukikanyaga mafuta, mara nyingi chanzo chake ni ethi mbovu. Na waya za RCA zipite upande mmoja wa gari, waya wa umeme upande wa pili.

Turudi kwenye milango ya kijana. Ya kushoto, waya ulikuwa umekatika kwenye kiungo cha mlango. Ya kulia, karatasi ya spika ilikuwa imechanika na kuvimba, maana maji ya mvua hushuka ndani ya mlango kila masika. Ndiyo maana kwa huku napenda spika zenye koni ya plastiki, na ile nailoni ya kiwandani ya kuzuia maji mlangoni siitupi, lazima irudi. Matundu makubwa ya bati lazima yazibwe, kwa sababu mawimbi ya nyuma ya spika yakipenya huja kuyala ya mbele, na besi inakufa. Tumia shiti za butili, aina ya mpira wa kunata, zenye karatasi ya fedha. Zile za lami za mapaa, jua letu likizikuta, zinanuka na kumwagika. Ila matundu madogo ya chini ya mlango usiyaguse, ndiyo njia ya maji. Na bangili ya kushikia spika isiwe ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao, itavimba kama andazi. Plastiki, au plaiwudi iliyopigwa rangi pande zote.

Kabla ya kurudisha plastiki, gusisha betri ndogo ya saa ya ukutani kwenye nyaya za spika, chanya kwa chanya. Koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani, umeigeuza, na hiyo peke yake inatosha kuua besi ya gari zima.

Mwisho nikaiambia redio isipeleke sauti za chini ya Hz 80, yaani besi nzito kabisa, kwenye milango, nikaweka taarabu ya zamani. Sipimi kwa kitu kingine. Vikundi vya zamani vya mji huu, Black Star na Lucky Star, vilipiga taarabu kwa gitaa la besi, na lile gitaa linatembea taratibu, noti moja moja, halina pa kujificha. Kama mlango unatetema utausikia. Kama mwimbaji amekaa magotini kwako badala ya juu ya dashibodi, utajua.

Kijana alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

"Kaka, hapo umewasha amplifaya gani?"

"Sijafunga amplifaya. Hizo ni zile watt 18."

Aliondoka baada ya isha, harusi ya Pongwe ikiwa imeshaanza. Sabufa bado iko stoo kwangu, nimewekea feni juu yake. Hajapiga simu kuiulizia.