Muvi kurudiwa kila siku haimaanishi muigizaji analipwa kila siku

Mashabiki wakimpata muigizaji mkongwe swali hili halikosi: muvi zako zinarudiwa kila siku kwenye TV, si una hela chafu? Hapana jamani. Wengi walisaini malipo ya mara moja, wakimaliza kushuti ndo basi, muvi inabaki mali ya prodyuza hata ioneshwe miaka 40, na inaniuma sana mzee wa watu akiitwa bahili kwa hela ambayo hajawahi kuiona. Marekani malipo ya marudio yapo ila yalipiganiwa, waigizaji waligoma 1960, na filamu za kabla ya hapo zikaachwa nje, studio zikatoa hela ya mkupuo kuanzisha mfuko wa pensheni na bima ya afya. 2023 wakagoma tena siku 118, sehemu ya ugomvi ikiwa malipo kiduchu ya majukwaa ya mtandaoni.