"Wanawake hawakuandikwa": dhana potofu za wanaopekua nyaraka

Dhana hii imechosha. Mtafiti anafika Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, anatafuta neno "wanawake" kwenye faharasa, anapata majalada machache ya shule za wasichana na wakunga, basi anahitimisha kwamba wanawake wa zamani hawakuandikwa. Waliandikwa. Faharasa hufuata ofisi iliyotoa karatasi, haifuati mada ya tasnifu yako.

Mwanamke mtafute kwa kadhi, kwenye mirathi, hati za wakfu na mauzo ya nyumba na mashamba. Anza na jina: fulani binti fulani, na ulitafute kwa kila namna makarani walivyoliandika ("binti", "bint", "bt."). Ongeza jina la mume, la baba na la mtaa. Usipompata akiwa hai, fungua jalada la mirathi ya mumewe. Humo warithi hutajwa mmoja mmoja na mafungu yao. Kwa aliyekuwa mtumwa, ambaye mara nyingi ana jina moja tu, pitia kwa mmiliki. Na mmiliki naye huenda akawa mwanamke.

Angalia na mwaka. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria iliwaacha nje masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao, hadi 1909. Ukimkosa suria kwenye daftari za walioachwa huru kabla ya hapo, usiseme hakuwapo. Mtafute kupitia watoto wake, maana walimrithi baba yao. Hati nyingi za kadhi ni za herufi za Kiarabu. Kama huzisomi, nenda na anayezisoma, usiridhike na muhtasari wa Kiingereza wa karani.

"Laminesheni huhifadhi cheti cha ndoa cha bibi." Huua! Joto na gundi huingia kwenye karatasi na plastiki haibanduki tena bila kuichana. Selotepu vilevile. Ng'oa pini zenye kutu taratibu, weka cheti kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wenye unyevu.

"Lazima glavu." Kwa karatasi, mikono iliyooshwa ikakauka inatosha, glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kingo zinachanika. Glavu ni za picha na negativu.

"Nimeshapiga picha kwa simu, karatasi yenyewe ya nini tena?" Nyuma ya karatasi umepiga? Muhuri unasomeka? Halafu picha mia mbili zisizo na namba ya jalada hazina kwao. Picha ya kwanza iwe ya jalada lenyewe, namba ionekane, kila unapofungua jipya.