Mgongo unaouma asubuhi: baridi ya Makete, laana ya ukoo na ile jeni ya B27

Ukisema mgongo unauma ukiwa Makete au Njombe mwezi wa saba hakuna atakaekuuliza swali la pili, jibu lipo tayari, ni baridi hiyo, vaa sweta ndani ya sweta. Ukishuka Kyela kwenye joto na bado unauma, basi ulibeba vitu vizito. Ukipita mwaka wa tatu hujapona ndio wazee wanaanza kuulizana nani alikosana na nani kwenye ukoo. Haya yote yanasemwa Mbeya mjini, yanasemwa Tukuyu, yanasemwa Mafinga, na wanaoyasema sio wajinga, ila kuna ugonjwa mmoja unapita katikati ya hayo maelezo na hakuna anaeuona.

Unaitwa ankilosingi spondilaitisi, na una ndugu zake: ule wa viungo unaoambatana na soriasisi, ugonjwa wa magamba ya ngozi, ule unaofuata baada ya kuhara au maambukizi ya zinaa, na ule unaotembea na magonjwa ya utumbo kama Crohn. Familia nzima inaitwa spondiloathraitisi. Kinachotokea ni kinga ya mwili wako mwenyewe kuleta uvimbe wa ndani pale kano zinaposhikana na mfupa, na kwa wengi inaanzia kwenye yale maungio mawili ya chini kabisa ya mgongo, juu ya makalio, afu inapanda.

"Ni baridi tu"

Baridi inakaza mwili hilo halina ubishi, wagonjwa wengi wanasema asubuhi za baridi ndio mbaya zaidi, lakini kukaza sio kuanzisha. Mwaka 1997 Waingereza walichapisha utafiti wa mapacha, wakachukua mapacha ambao mmoja ana spondilaitisi wakaangalia je mwenzie nae anaugua. Kwa mapacha wa kufanana kabisa, wale wenye jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) zilezile, ilikuwa 63%. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa 13%. Sasa hawa wote kwa kawaida wamelelewa nyumba moja, wamepigwa na baridi ileile, wamekula sufuria moja, kama tatizo lingekuwa baridi hizo namba mbili zingekaribiana. Wakapiga hesabu wakakuta zaidi ya 90% ya kinachoamua nani yuko hatarini na nani hayuko ni urithi. Ila angalia na upande wa pili, 63 sio 100, maana yake hata ukiwa na jeni zilezile za pacha wako unaweza usiugue, kuna kitu kingine kinahitajika na huko tutafika.

"Ni lumbesa hizo"

Hapa kuna ukweli nusu. Mgongo wa mtu aliebeba lumbesa za viazi siku nzima Uyole unauma kweli, wa dereva wa bodaboda anaekula mashimo nao unauma, lakini yale maumivu yana tabia yake: ukifanya kazi yanazidi, ukilala yanapungua. Ya spondilaitisi yamegeuka. Ukilala ndio unaumia, unaamshwa saa tisa usiku unatembea chumbani, asubuhi umekakamaa nusu saa au zaidi, ukishaanza kuzunguka na kufanya shughuli unafunguka. Na inaanza ukiwa kijana, kabla ya miaka 45, wengi kwenye ishirini huko, inakuja polepole na haiondoki, miezi mitatu na kuendelea. Kijana wa miaka 24 anaenda kulalamika mgongo anaambiwa kapumzike wiki mbili, yaani kapewa kile hasa kinachomuumiza. Mi naona hili ndio kosa linaloumiza watu wengi kuliko hata ukosefu wa vipimo, kwa sababu maswali haya matatu manne hayahitaji mashine.

Ila tusiitupe kabisa hoja ya mizigo. Mwaka 2014 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walikuwa na panya waliotengenezwa ili wapate uvimbe wa aina hii, wakawaninginiza mkia juu miguu ya nyuma isibebe uzito, na kwenye miguu ile uvimbe wa kwenye kano haukutokea. Kwa hiyo mkandamizo kwenye kano una mchango, lakini kwa mwili ambao tayari una mwelekeo huo, na hiyo sio sababu ya mgonjwa kukaa tu maana mazoezi ya kunyoosha mgongo bado ni sehemu kubwa ya matibabu.

"Ni laana, mbona inafuata ukoo wao"

Naelewa kabisa hii inatoka wapi. Mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana hatari ya kama 8%, yaani wengi hawapati. Kwa hiyo kwenye ukoo inaruka ruka, mjomba amepinda, watoto wake wako salama, afu mpwa anaanza akiwa chuo. Na haiji na sura moja, shangazi anapata jicho linakuwa jekundu linauma na mwanga unamchoma, linapona linarudi, babu alikuwa na magamba ya ngozi kwenye viwiko, mwingine tumbo halitulii. Mtu akivipanga hivi vitu vinne vinaonekana kama kazi ya watu. Kumbe jeni zinashirikiana kwenye hayo magonjwa yote, na ndio maana daktari akikuuliza kuhusu macho na ngozi za ndugu zako wakati wewe umekuja na mgongo usimshangae.

Na hapo ndio tunaingia kwenye yenyewe, HLA-B27. Mwaka 1973 makundi mawili, moja London na lingine Los Angeles, yalitoa majibu yanayofanana bila kufanya kazi pamoja. Wale wa London walipima wagonjwa 75 wakakuta 72 wana B27, wakapima watu 75 wasio na ugonjwa wakakuta watatu tu. Kwenye tiba ni nadra kuona jeni moja imeshikana na ugonjwa kiasi hicho, na toka hapo karibu utafiti wote umejengwa juu yake.

Hiyo B27 inafanya nini? Kila seli inakatakata protini zake vipande vidogo na kuvitoa nje vionekane, ili askari wa kinga wapite wakague kama kuna virusi humo. Chukulia mama anaeuza nanasi Mwanjelwa, HLA, ambayo B27 ni aina yake mojawapo, ndio sinia, vipande vya protini ndio vipande vya nanasi. Kuna jeni nyingine inaitwa ERAP1, iligunduliwa kuhusika mwaka 2007, hiyo ndio kisu, inaamua kipande kiwe na urefu gani kabla hakijapangwa kwenye sinia. Na cha ajabu ERAP1 inaongeza hatari hasa kwa wale wenye B27, sinia nyingine haijali sana kisu. Hilo lilikuwa dokezo kubwa kwamba tatizo liko kwenye kinachopangwa pale. Lakini kuna wanaosema tatizo ni protini ya B27 yenyewe kukunjwa vibaya ndani ya seli na kuisumbua, na wengine wanasema zinashikana mbili mbili nje ya seli na kuamsha kinga. Miaka hamsini na ushee na bado wanabishana, ingawa mwaka 2022 upande wa vipande ulipata nguvu, walipoonyesha kwamba askari wa kinga waliotolewa kwa wagonjwa wa mgongo na wa jicho wanatambua vipande vya bakteria na pia vipande vya mwili wenyewe vilivyokaa kwenye B27.

"Nipime B27 nijue moja"

Hapana. Kwa wazungu wa Ulaya kama 8% wanayo B27 na zaidi ya tisa kati ya kumi wa hao wanazeeka na migongo yao mizima. Kuwa nayo sio ugonjwa. Tena jeni hiyohiyo inasaidia mwili kuibana HIV, watu wenye B27 kwa wastani walikuwa wanachelewa kuumwa kabla ya dawa kuwepo, kwa hiyo hata kuiita jeni mbaya ni kuionea. Na B27 yenyewe sio moja, kuna aina nyingi, B27:09 ya kule Sardinia na B27:06 ya Asia ya kusini mashariki zinatofautiana kidogo sana na zile za hatari na bado hazijashikana na ugonjwa. Afu hata ile ya kawaida inabeba kama theluthi tu au chini ya hapo ya urithi wote, sehemu nyingine zaidi ya 100 kwenye jeni zimeshatajwa, kila moja na mchango wake mdogo mdogo.

Kukosa B27 nako sio cheti cha kuwa mzima, na kwetu sisi hili ni zito zaidi kwa sababu ya dhana inayofuata.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu"

Hii unaisikia hata kwa watu waliosoma. Ilivyotokea ni kwamba kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara B27 haifiki hata 1%, kwa hiyo ugonjwa kweli ni mchache huku, lakini mchache sio haupo, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa huku hawana B27. Watafiti walikuta Togo, na baadae hapo Zambia, kwamba kuna sinia nyingine, HLA-B14:03, inayojitokeza kwa wagonjwa. Zambia ni kuvuka Tunduma tu. Mtu wa Mbeya akipimwa B27 ikatoka hasi akaambiwa huna kitu nenda, amepimwa kwa kipimo cha watu wengine.

Kinyume chake kipo Gambia. Kati ya Wafula wa kule kama 6% wana B27, namba ya karibu na ya Ulaya, na utafiti wa 1997 ulitarajia kukuta wagonjwa wa spondilaitisi, haukukuta hata mmoja. Jeni ipo, ugonjwa haupo. Kuna kitu kwenye jeni zao nyingine au kwenye mazingira kinawalinda.

Na Zambia hiyohiyo ilionyesha jambo jingine. Kabla ya HIV magonjwa haya yalikuwa nadra sana, afu HIV ilipoingia yakaanza kujaa. Lusaka walichapisha mwaka 2000 kuhusu wagonjwa 28 wa ule ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, 27 kati yao walikuwa na HIV. Bila B27. Kwa mikoa yetu, na hasa Njombe ambayo kwenye tafiti za taifa inaongoza kwa maambukizi, ina maana viungo kuvimba ghafla pamoja na ngozi kuchachamaa ni sababu ya kupima, na kupima sio kumhukumu mtu.

Wanawake nao wanaugua, zamani vitabu viliandika wanaume kumi kwa mwanamke mmoja, siku hizi inasemwa wawili au watatu kwa mmoja, wanawake wengi walikuwa hawahesabiwi, wanaambiwa ni uzazi.

"Ni kukosa kalisi", "ni gauti, acha nyama"

Gauti ni ya fuwele za asidi ya yuriki, inapenda kidole gumba cha mguu, ni kitu kingine kabisa. Kalisi ndio kichekesho kichungu: kwenye spondilaitisi mfupa mpya unaota pasipotakiwa, pingili zinaungana, na wakati huohuo ndani ya pingili mfupa unapungua unakuwa mwepesi. Mgongo mgumu na dhaifu kwa pamoja, mtu aliefika huko akianguka kidogo tu na bodaboda asichukuliwe kirahisi. Sio wote wanafika huko lakini.

Tumbo ndio lenye utafiti mtamu. Mwaka 1990 kule Dallas walipandikiza B27 ya binadamu kwenye panya, wakaugua viungo na utumbo. 1994 wakalea panya haohao kwenye mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, viungo na utumbo vikabaki salama. Jeni ileile, bila bakteria, hakuna kitu. Kile kitu kingine nilichosema kule kwa mapacha, sehemu yake iko hapa, ila asikuuzie mtu dawa ya kusafisha tumbo kwa hoja hiyo, hakuna aliyeonyesha kwamba inatibu mgongo.

Huku kwetu kabla ya kufikiria jeni kuna mawili lazima yaondolewe kwanza. TB ya uti wa mgongo: homa, jasho la usiku, kukonda, mgongo kutokeza kibiongo, miguu kuishiwa nguvu, hiyo ni kukimbia hospitali leo. Na bruselosi kwa wanaokunywa maziwa mabichi, inashambulia maungio yaleyale ya chini ya mgongo na inafanana mno.

"Kuna sindano inaponya"

Inatuliza, haiponyi. Dawa za kwanza bado ni zile za kutuliza maumivu na uvimbe, kina diklofenaki na ibuprofeni, zikisimamiwa na daktari, maana ukijinunulia mwenyewe miaka na miaka tumbo na figo zitalipa. Predinisoloni (dawa ya steroidi) ya kumeza kwa mgongo huu haina msaada wa kueleweka. Sindano za kuzuia TNF, ujumbe wa kinga unaoleta uvimbe, ziliingia 2003, zinasaidia wengi, lakini zinaamsha TB iliyolala, kwa hiyo kwa nchi kama yetu ni lazima upimwe TB kwanza. Baadae ikaja sekukinumabu ya kuzuia IL-17, ujumbe mwingine wa aina hiyo. Afu wakasema kwa kuwa jeni ya IL23R, inayohusika na kupokea ujumbe wa IL-23, imo kwenye orodha ya jeni za ugonjwa huu basi tuzuie IL-23, ikafanya vizuri sana kwa soriasisi na Crohn, kwa mgongo ikagoma kabisa kwenye majaribio. Jeni ilielekeza njia na njia ikawa imefungwa.

Kilichosisimua watu mwaka 2023 ni ripoti kutoka Urusi ya mgonjwa mmoja aliyepewa dawa inayoondoa kundi moja tu la askari wa kinga, lile linalosoma vipande kwenye B27, na mgongo wake ukatulia. Ni wazo zuri sana, na limejengwa kwa mtu mwenye B27. Kwa mgonjwa wa Rungwe mwenye sinia nyingine, halimgusi mpaka atokee mtu wa kuangalia kwenye sinia yake kuna nini.